Mkono Uliobaki Hewani: Kisa cha Kumpokea Mgeni Rasmi Asiyeona

Yalikuwa mahafali ya kidato cha nne katika shule moja ya bweni mkoani Morogoro. Mgeni rasmi alikuwa wakili mwenye umri wa miaka 40 na ushei, asiyeona tangu utotoni. Shule ilimwalika kwa sababu nzuri tu: baadhi ya wahitimu walitaka kusomea sheria, na mwalimu mmoja alikuwa amesoma naye chuo. Hakuna aliyemwita ili kumwonea huruma, wala aliyekusudia kumdharau. Nalisema hili mapema kwa kuwa visa vya namna hii vikisimuliwa hutafutwa mbaya wake. Hapa hayupo. Kuna watu wenye adabu zao, waliovaa vizuri na kujipanga mstari, wakamkosea mgeni wao kabla hajafika hata kwenye kiti.

Kazi yangu ni ushereheshaji, ila siku hiyo nilikuwa mzazi tu, nimekaa safu ya pili karibu na njia. Niliyaona mapokezi yote kwa jicho la mtu ambaye hana la kufanya.

Gari lilipoingia getini, kijana wa muziki akapandisha sauti. Spika mbili kubwa zilielekezwa hukohuko getini, na vioo vya ofisi vikaanza kutetemeka. Ndiyo desturi: mgeni akiingia, muziki unapanda. Wakili akashuka, fimbo nyeupe mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko cha msaidizi wake, kijana aliyekuwa nusu hatua mbele.

Wa kwanza kumfikia alikuwa binti wa skauti. Alikuja kwa ukakamavu, akapiga saluti, akainua skafu na kumvisha shingoni. Saluti mgeni hakuiona, na skafu hakuiona ikija. Alichokipata ni kitambaa kilichompitia usoni, kisha vidole vya mtu asiyemjua vikihangaika chini ya kidevu chake. Akaruka nyuma. Fimbo ikampiga binti wa watu kwenye ugoko. Wanafunzi wakacheka, na binti akabaki ameganda, machozi yakimlengalenga.

Mstari wa wapokeaji ulianza na mkuu wa shule. Huyu alimpa mkono msaidizi kwanza. "Karibuni sana. Mheshimiwa anatumia chai au soda? Atapenda apumzike ofisini kidogo au twende moja kwa moja ukumbini?" Yote hayo akiyasema kwa msaidizi, na mheshimiwa mwenyewe amesimama pale pale, umbali wa shubiri. Msaidizi, kwa kutotaka kuwa mkosa adabu, akageuza uso kumjibu.

Aliyefuata kwenye mstari alikuwa mwenyekiti wa bodi ya shule, mzee wa miaka 70 na kitu. Mkono wake ulikuwa umeshanyooshwa. Hakusema neno. Kwa mila yetu hakuwa na haja ya kusema: yeye ndiye mkubwa, mdogo ndiye wa kutoa shikamoo. Mgeni akapita. Mkono wa mzee ukabaki hewani kwa muda ambao kila mtu aliuona, halafu akaurudisha polepole akijifanya anafunga kifungo cha koti. Walipoketi nilimsikia akimwambia jirani yake, "Macho hana, sawa. Na mdomo?"

Nimelifikiria sana swali hilo. Mzee hakuwa mjinga na hakuwa katili. Alikuwa na malalamiko ya kweli, kwa sababu kanuni anayoifuata ni ya kweli, na ndiyo hiyo iliyomponza.

Tazama jinsi salamu yetu inavyofanya kazi. Kabla mtu hajafungua kinywa, jicho limeshamaliza kazi tatu: limejua yuko nani mbele, limekadiria umri wake, limeona kama mkono umetolewa au la. Ndipo ulimi unachagua shikamoo, habari za leo, asalaam alaykum au mambo. Anayeona hajui kabisa kwamba anafanya kazi hizo. Asiyeona naye hufanya zilezile kwa kutumia sikio: sauti humwambia ni nani, ni wa umri gani takriban, amesimama upande upi. Sasa mtu akikaa kimya mbele yake, kwake hayupo. Na usimtolee shikamoo mtu ambaye hayupo, utaonekana umerukwa na akili.

Kwa hiyo ukimya wa mkubwa, ambao kwa mdogo anayeona ni mwaliko wa kutoa heshima, kwa mdogo asiyeona ni ukuta.

Wapo watakaosema: basi unataka mzee aanze kumwamkia kijana? Hapana, na wala haihitajiki. Mzee angesema tu, "Karibu mwanangu. Mimi ni mwenyekiti wa bodi ya shule." Maneno hayo si shikamoo wala hayamshushi. Ni karibu ya mwenyeji, ambayo kila mwenye nyumba huitoa kwa mgeni wa umri wowote. Baada ya hapo wakili angejua yuko mbele ya mtu mzima, shikamoo ingetoka, marahaba ingejibu, na mila ingekuwa imekaa mahali pake. Mkubwa anaanza kuongea, mdogo anaanza kuamkia.

Wa tatu kwenye mstari alikuwa diwani wa kata, mama wa makamo aliyejitanda mtandio. Wakati huo mgeni alikuwa ameshang'amua kwamba watu wako upande wake wa kulia, akanyoosha mkono kwa kubahatisha. Diwani hapeani mikono na wanaume wasio maharimu wake, yaani jamaa wa karibu ambao dini haimruhusu kuolewa nao, jambo ambalo kila mtu pale kijijini analijua na analiheshimu. Kwa kawaida anaweka kiganja kifuani, anainamisha kichwa kidogo, na mwanamume mwenzake wa mazungumzo anaelewa. Safari hii ishara hiyo isingefika popote. Akasogea hatua moja ili kuushinda muziki, akasema kwa sauti kavu ya mikutano ya hadhara: "Mheshimiwa, mimi ni diwani wa kata hii. Mkono wangu nimeuweka kifuani, sisalimii wanaume kwa mkono, lakini karibu sana kwetu." Wakili akaurudisha mkono wake papo hapo, akauweka kifuani naye, akacheka. "Ahsante kwa kuniambia, mama. Shikamoo." "Marahaba, baba."

Ilichukua muda mfupi kuliko kupeana mkono. Katika wote waliokuwa kwenye ule mstari, aliyekuwa na sababu ya kutoshikana mkono na mgeni ndiye peke yake aliyemsalimia sawasawa. Alifanya mambo mawili: alisema ni nani, na alisema mkono uko wapi. Sijui kanuni nyingine ya kumsalimia asiyeona ambayo haimo ndani ya hayo mawili.

Baada ya diwani mambo yakarudi kombo. Yule mwalimu aliyesoma naye chuo akamdaka mkono kwa mikono yote miwili, akautikisa bila kuuachia. "Unanijua mimi nani? Hebu bashiri!" Mgeni akatabasamu tabasamu la kazini. "Nisaidie ndugu yangu, muziki mkubwa." "Aa, yaani umenisahau!" Wanaoufanya mchezo huu huwa wanampenda mtu kweli, ndiyo maana ni vigumu kuwakataza. Lakini ufikirie: mtu umekutana naye mara ya mwisho miaka mingi iliyopita, unamtahini hadharani, tena spika inapiga kelele nyuma yake. Akikosa, ataonekana hakujali. Akipatia, atapigiwa makofi kama mtoto aliyejua kuhesabu. Urafiki wa kweli ungesema, "Ni mimi fulani, tulikaa wote bweni moja," basi, furaha ianze.

Mwalimu mwingine alisema "pole sana kaka," kwa sauti ya msibani. Huyo tumwache.

Ofisini kulikuwa na kitabu cha wageni. Karani, bila kuulizwa, akaleta pedi ya wino wa mhuri, akaifungua, akamshika mgeni dole gumba. Mgeni akauliza, "Ya nini hii?" "Ya sahihi, mheshimiwa." Wakili, mtu anayetia sahihi nyaraka za mahakama kila siku ya kazi, akauvuta mkono wake taratibu. "Nipe kalamu. Na unionyeshe mstari unapoanzia." Msaidizi akaweka rula chini ya mstari, akamwekea kidole cha kushoto pale mwanzo, na mgeni akaandika jina lake na sahihi yenye mkia mrefu. Karani akaitazama ile sahihi kwa mshangao ambao hakuweza kuuficha. Wapo wasioona wanaotumia dole gumba, na si aibu, lakini hilo huulizwa.

Turudi kwenye mstari, maana hapo ndipo kisa kilipo.

Mtu akilitazama tukio la mzee peke yake ataona makosa ya mzee, au ya mgeni. Ukilifuatilia nyuma kidogo unaona lilianzia kwa mkuu wa shule. Kazi ya msaidizi katika mstari wa mapokezi ni kuona mbele na kunong'ona: "Anayefuata ni mzee, mwenyekiti wa bodi, mkono umenyooshwa." Kijana yule aliijua kazi hiyo, baadaye niliona akiifanya vizuri kabisa. Ila wakati wa mzee, alikuwa anaulizwa habari za chai na soda. Mkuu wa shule alipozungumza na msaidizi badala ya mgeni, alifanya makosa mawili kwa pigo moja: alimfanya mgeni kuwa mzigo unaosafirishwa, na akamnyang'anya macho yake kwa zile sekunde alizoyahitaji kuliko wakati wowote. Muziki ukamalizia kazi. Bila ule muziki, huenda mgeni angesikia mzee akikohoa, au viatu vyake kwenye kokoto, akajua kuna mtu.

Muziki ndio ningeuondoa kwanza kama ningekuwa na ruhusa ya kuondoa kitu kimoja tu. Waandaaji hutumia siku nzima kupanga viti na mapambo, halafu wanampa mgeni asiyeona kelele inayofuta kila kitu alichonacho cha kumwelekeza. Kupiga spika kwa nguvu mbele yake ni sawasawa na kumzimia taa mgeni anayeona. Dakika tatu za muziki wa chini, au ukimya, zinatosha.

Wapo wanaofundisha kwamba asiyeona aguswe bega kwanza ili ajue unamsemesha yeye. Sikubaliani nao, angalau si kwenye hafla. Kuguswa na mtu ambaye hujamsikia kunashtua, na binti wa skauti alilipia funzo hilo kwa ugoko wake. Sauti itangulie, mguso ufuate. Angeambiwa aseme, "Shikamoo mheshimiwa, mimi ni skauti wa shule hii, naomba nikuvishe skafu," mgeni angeinamisha kichwa mwenyewe, tena kwa furaha. Na ikiwa unataka kumpa mkono naye hakuutoa, useme "nakupa mkono", au baada ya kujitaja gusa kidogo nyuma ya kiganja chake kwa kiganja chako; atakipokea. Usiuchukue mkono wenye fimbo. Usimvute kwa kuishika fimbo. Na usipaze sauti kana kwamba ni kiziwi, isipokuwa umeshindwa kumshawishi kijana wa muziki.

Mezani nako kulikuwa na utambulisho, na hapa nawasema wenzangu wa fani. Mshereheshaji alitaja majina ya waliokaa meza kuu, kila aliyetajwa akasimama, akapunga mkono, akakaa. Ukumbi ukawajua. Mgeni rasmi, aliyekaa katikati yao, hakujua nani yuko kulia kwake na nani kushoto mpaka chakula kilipoletwa. Ilitosha kila anayesimama aseme, "Nipo hapa, mheshimiwa, kiti cha pili kulia kwako." Badala yake tuliambiwa kwamba mgeni wetu amefika "licha ya hali yake", halafu tukahakikishiwa kuwa itifaki imezingatiwa.

Kwenye chakula mhudumu mmoja, aliyeonekana kupitia mafunzo fulani, alimwambia mgeni maji yako saa tatu. Ni mbinu nzuri inayofundishwa kwingi: sahani na meza huelezwa kwa uso wa saa. Tatizo ni kwamba saa tatu yetu mshale mfupi unakaa kwenye 9, yaani kushoto, na saa tatu ya wenye mbinu hiyo iko kulia. Mkono wa mgeni ulikwenda kushoto ukakuta bakuli la pilipili. "Kulia kwako, nyuma kidogo ya sahani" haina utata wa namna hiyo.

Ni kwenye chakula hichohicho msaidizi alipomweleza bosi wake kuhusu mkono wa mzee. Wakili akaacha kula, akaomba apelekwe. Alisimama nyuma ya kiti cha mwenyekiti, akasema jina lake, kisha: "Shikamoo mzee. Nimeambiwa ulinipa mkono nami nikakupita. Sikujua upo." Mzee akainuka. "Marahaba, mwanangu. Nilidhani umenidharau." "Nisingethubutu." Wakashikana mikono kwa muda mrefu, mzee akavuta kiti, na walizungumza habari za kesi za mashamba mpaka wakaitwa kwa ajili ya vyeti.

Watu waliokuwa karibu waliguswa, na mmoja akaniambia kwamba huo ndio unyenyekevu. Mimi sikuona hivyo. Niliona mgeni rasmi akiacha chakula chake kwenda kurekebisha kosa la wenyeji. Alilifanya vizuri kwa sababu amezoea. Na hilo la kuzoea ndilo linaloniudhi. Kila hafla anayokwenda anafanya kazi mbili, ile aliyoalikiwa na hii ya kuwatoa watu aibu.

Wasomaji Waislamu hapa watakumbuka Sura ya 80, Abasa. Mtume alikuwa katika mazungumzo na wakubwa wa Makureshi, akaja Abdullah bin Umm Maktum, sahaba asiyeona, akiomba kufundishwa. Mtume akakunja uso na kugeuka, na aya zikashuka kumlaumu kwa hilo. Ibn Umm Maktum hakuweza kuuona uso uliokunjwa. Lawama ilikuja hata hivyo. Na katika miaka iliyofuata aliadhini Madina pamoja na Bilal, na Mtume alimwachia mji alipokuwa safarini. Siku ile ya mazungumzo na wakubwa wa Makureshi, hakuna aliyeweza kujua yule asiyeona angekuja kuwa nani. Mkuu wa shule aliyezungumza na msaidizi naye alikuwa na haraka ya kuhakikisha mambo yanakwenda, na haraka hiyo ndiyo inayowafanya waandaaji wengi kumtafuta mwenye macho wa kusema naye.

Sheria ziko. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, na Katiba ya Kenya ya mwaka huohuo, katika ibara ya 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa utu na heshima na kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Ni misingi mizuri. Ila haimwambii mwenyekiti wa bodi afanye nini na mkono wake wa kulia, na maadhimisho ya Fimbo Nyeupe kila tarehe 15 Oktoba nayo mara nyingi huishia kwenye hotuba na fulana.

Shule ile ingeweza kuepuka karibu yote kwa simu moja. Si simu ya kumuuliza msaidizi, bali ya kumuuliza mgeni: ungependa kupokewa vipi, utakuja na mtu, ukitia sahihi unahitaji nini? Ratiba walimtumia, lakini kama picha ya karatasi iliyopigwa kwa simu. Wengi wasioona hutumia simu zenye programu ya kusoma maandishi kwa sauti, TalkBack kwa mfano. Programu hiyo inasoma vizuri ujumbe ulioandikwa na inahangaika na picha ya karatasi iliyokunjamana. Orodha ya watakaokuwa kwenye mstari, kwa mpangilio wao, ikiandikwa kama ujumbe wa kawaida wa WhatsApp, ingemfanya mgeni ashuke garini akijua kwamba wa pili ni mzee wa kuamkiwa na wa tatu ni diwani. Kisha mkuu wa shule angewaambia wenzake asubuhi ile sentensi moja tu: kila mtu aseme jina na cheo kabla ya kutoa mkono.

Kuaga kuliharibika kwa namna yake. Afisa elimu kata alikuwa anazungumza na mgeni kando ya turubai, simu ikaita, akaondoka huku akiinua kidole kuomba radhi. Mgeni akaendelea kueleza habari za mikopo ya wanafunzi wa vyuo kwa sentensi mbili tatu, akanyamaza, akasikiliza, akauliza, "Bado upo?" Hakujibiwa. Anayetoka mbele ya asiyeona aseme "naondoka" au "narudi sasa hivi", hata kama ni katikati ya maneno; ni afadhali kumkata kauli kuliko kumwacha anahutubia nguzo.

Aliyekuwa karibu naye wakati huo alikuwa mpiga picha, akitafuta watu wa picha ya pamoja. "Mheshimiwa, mimi ni mpiga picha, nipo mbele yako. Afisa ameitwa na simu. Tunapiga picha hapa hapa, mwenyekiti anakuja kusimama kushoto kwako." Mgeni akageuza uso kuifuata sauti, akanyoosha tai. Mzee akafika, na safari hii alisema kabla hajanyoosha mkono: "Ni mimi, mwenyekiti."